Jina la Ugonjwa: Somo la Matabibu na Mafakihi katika Khabari ya Mahanithi

Jua ewe ndugu msomaji kwamba masala ya somo hili ni haya: Je, mwanamume ambaye matamanio yake yameelekea kwa wanaume wenziwe ni mgonjwa wa akili? Na ikiwa si mgonjwa, ni kitu gani kinachogeuka katika wajibu wa baba yake, na imamu wa msikiti wake, na jirani yake, na ni kitu gani kisichogeuka? Matabibu wa Ulaya na Marekani kwa muda wa karibu miaka mia walijibu kuwa ni mgonjwa, kisha wakarejea katika kauli yao. Wako watu waliosikia kauli ya kwanza bila ya kusikia ya pili. Wako waliosikia ya pili wakaidhania kuwa ni fitna. Na wengi hawakusikia lolote illa matusi ya barazani.

Masala haya huulizwa Mombasa na Unguja na Bagamoyo. Huulizwa pia bara, Ifakara na katika bonde lote la Kilombero, ambako watu wa pwani wana maduka na mashamba ya mpunga na wakwe. Na kwa kuwa nchi hiyo ina khabari yake iliyo karibu na hii, na wenyeji wake wameiona kwa macho, somo linaanzia huko.

KIFAFA CHA MAHENGE

Ukitoka Ifakara, ukavuka mto Kilombero ukaelekea kusini, utapanda milima hatta ufike Mahenge, nchi ya Wapogoro. Mwaka 1959 alifika Tanganyika daktari mwanamke, mzaliwa wa Norway, aliyejulikana baadaye kwa jina la Louise Jilek-Aall. Alipofanya kazi Mahenge alikuta watu wengi ajabu wenye kifafa, na akakuta namna walivyokuwa wakitendewa. Watu waliamini kuwa kifafa huambukiza kwa mate na povu la mwenye kuanguka. Kwa hiyo mwenye kifafa alikula peke yake katika chombo chake, akalala mbali na nduguze; na akiangukia motoni, mara nyingine hapakuwa na wa kumtoa, kwani kila mmoja alikhofia kumshika. Wengi walikuwa na makovu ya moto mwilini. Na juu ya hayo walisemwa kuwa wamepagawa, au wamerogwa, au wanalipa kosa la wazee wao.

Daktari huyo alifungua kliniki, akawapa vidonge, na wengi wakapungukiwa na kuanguka. Khofu ya majirani ilianza kupungua kwa kuona, ambako mawaidha peke yake yasingefika. Miaka mingi baadaye wataalamu wakaona kuwa wingi wa kifafa katika nchi ile unafuatana na usubi, yaani minyoo iletwayo na inzi wadogo weusi wa mitoni.

Tazama basi lililotokea. Kitu kilichoitwa laana kilipewa jina la ugonjwa, na jina hilo likawa rehema kwa wenyewe, kwani ugonjwa hutafutiwa dawa na mgonjwa halaumiwi. Khabari ya mahanithi imekwenda kinyume: kitu kiliitwa ugonjwa, kisha jina likaondolewa. Na mwenye kuona kuwa kuondolewa kwake ni mchezo wa siasa tu, yampasa ajue kwanza jina lenyewe lilipatikanaje.

MAJINA NA WENYE MAJINA

Kabla ya hapo ni lazima kutenganisha maneno, kwani ulimi wa mitaani umeyachanganya. Mafakihi wanao watu wanne mbalimbali ambao barazani hupewa jina moja la hanithi.

Wa kwanza ni khuntha, aliyezaliwa na maumbile ya kiume na ya kike pamoja, au mwenye umbo lisilobainika. Vitabu vya fikihi vimemwekea hukumu zake katika sala na urithi na nikahi, wala hapana aliyesema kuwa ana kosa. Wa pili ni innini, mwanamume asiye na nguvu ya kumwingilia mkewe. Huyu yumo katika mlango wa nikahi, na mke akimshitaki kwa kadhi hupewa muda wa mwaka mmoja. Wa tatu ni mukhannathi, mwenye sauti na mwendo na maungo ya kike. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amemgawa sehemu mbili: yule aliyeumbwa hivyo, ambaye hana dhambi wala lawama wala adhabu kwa kuwa hakujitia mwenyewe, na yule anayejifanya hivyo kwa makusudi, naye ndiye aliyelaumiwa. Wa nne ni mwenye kutenda tendo lenyewe la liwati, na tendo hilo ni haramu kwa itifaki ya madhehebu zote nne.

Na nje ya hao wanne yuko mtu ambaye masala haya khasa yanamhusu. Huyu ana matamanio moyoni tu. Huenda ana ndevu na sauti nzito, na huenda hakutenda neno. Fikihi haikumwekea adhabu, kwa kuwa hukumu za dunia hushika matendo yaliyothibiti, na yaliyo moyoni ni baina ya mja na Mola wake. Illa watu wa mitaani wamemwekea adhabu yao.

(Wanawake wa pwani huitana shoga kwa mapenzi mema, na mwanamume akiitwa neno hilohilo ni tusi. Ndivyo lugha ilivyo, haikungoja fatwa.)

Wala asiseme mtu kuwa watu wa namna hii walikuja na meli za watalii. Mwaustria Oscar Baumann, aliyekaa Unguja, aliandika khabari zao katika jarida moja la Kijerumani mwaka 1899, na neno hanithi lenyewe ni la Kiarabu, limekaa pwani muda mrefu kuliko shule na mahospitali ya Wazungu.

MATABIBU WA KIISLAMU

Wa kwanza kuuliza kama jambo hili ni ugonjwa hawakuwa Wazungu. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Razi, tabibu mkubwa wa Rayy na Baghdad, aliyefariki mwaka 313 wa Hijra, yaani 925, aliandika risala juu ya kitu walichokiita ubna, maana yake mwanamume kutamani kuingiliwa. Alidhani kuwa asili yake ni katika kuchanganyika kwa mbegu ya baba na ya mama wakati wa kutunga mimba. Akasema kuwa hali hiyo ikikaa muda mrefu, na mwenyewe akawa na hali ya kike, haitarajiwi kutibika.

Baada ya karne moja alikuja Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428, yaani 1037. Yeye katika kitabu chake cha Kanuni aliwaita wapumbavu wale wanaotaka kuwatibu watu hawa kwa dawa, kwani kwa kauli yake asili ya jambo ni katika mawazo wala si katika maumbile ya mwili. Akaona kuwa kitu cha kuwafaa ni kuivunja shahwa yao kwa huzuni na njaa na kukesha na kifungo na kipigo.

Zingatia hapa, ewe ndugu. Mabingwa wawili wa tiba hawakuafikiana hatta juu ya asili ya jambo, mmoja akiliweka katika mbegu na mwenziwe katika mawazo. Wala hapana katika wawili hao aliyedai kuwa anatoa hukumu ya sheria. Walisema kama watu wa fani yao. Kitabu cha Kanuni kina heshima yake, lakini ni kitabu cha tiba, na mengi yaliyomo ndani yake matabibu wameyaacha bila ya mtu yeyote kuona kuwa dini imepungua. Baba anayemfunga kijana wake kamba leo na kumnyima chakula ili atoke katika hali yake, huenda anaifuata kauli ya Ibn Sina bila ya kujua, huku akidhani kuwa anaifuata kauli ya Imamu Shafi.

ULAYA NA MAREKANI

Mwaka 1886 Richard von Krafft-Ebing, tabibu wa akili katika nchi ya Austria, alichapisha kitabu kiitwacho Psychopathia Sexualis, na ndani yake akalihesabu jambo hili kuwa ni upungufu wa mishipa ya akili unaorithiwa. Watu aliowaandika aliwapata wapi? Aghlabu ni wagonjwa waliomjia wakilalamika, na washitakiwa waliokuwa mbele ya mahakama. Ila hiyo iliendelea kwa miaka mingi: tabibu aliwaona walio hospitalini na gerezani, akawahukumu wasiokuwamo. Ni kama mtu aliyekaa penye mlango wa hospitali ya Ifakara wakati wa masika akahesabu wenye homa, kisha akaandika kuwa kila mtu wa Kilombero ana homa.

Sigmund Freud wa Vienna, katika barua aliyomwandikia mama mmoja wa Marekani mwaka 1935, alimwambia kuwa hali ya mwanawe si fedheha wala haiwezi kuhesabiwa ugonjwa. Wengi katika waliojiita wafuasi wake walimwacha katika hilo. Mwaka 1952 chama cha matabibu wa akili wa Marekani kilipotoa orodha yake ya kwanza ya maradhi ya akili, hali hii iliandikwa ndani yake. Na ugonjwa ukishaandikwa hutafutiwa dawa. Watu walipigwa umeme, wengine walipewa dawa za kutapisha huku wakionyeshwa picha za wanaume ili wachukie, wengine wakapewa homoni. Alan Turing, Mwingereza bingwa wa hesabu aliyefumbua maandishi ya siri ya Wajerumani wakati wa vita, alihukumiwa mwaka 1952, akakubali kupewa homoni ili asifungwe, na mwaka 1954 akafa kwa sumu.

Aliyelipima jambo kwa mizani alikuwa mwanamke, Evelyn Hooker wa California, naye hakuwa daktari wa hospitali bali mtaalamu wa elimu ya nafsi. Alitafuta wanaume 30 wenye hali hii ambao hawakuwa wagonjwa wa hospitali wala wafungwa, na wanaume 30 wengine wasio nayo, akawalinganisha kwa umri na elimu na wepesi wa akili. Akawapa wote mitihani ile ile iliyotumika kuwafichua wenye maradhi ya akili. Kisha akafuta majina, akawapelekea mabingwa wa mitihani hiyo na kuwataka wawatenge. Mabingwa hawakuweza. Hawakumjua nani ni nani zaidi ya mtu anayebahatisha, wala kundi moja halikuonekana lina ugonjwa kuliko jingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1957.

Tarehe 15 Desemba 1973 wakuu wa chama kile cha Marekani wakaliondoa jina hilo katika orodha. Wapinzani wakataka wanachama wote wapige kura, na mwaka 1974 kura 5,854 ziliunga mkono kuondolewa, na 3,810 zikapinga. Wenye kuikataa khabari hii huishika kura hiyo na kusema: ni tangu lini ugonjwa ukajulikana kwa kura? Na neno lao si la kudharauliwa, kwani kura si dalili, wala watu elfu tano hawaifanyi batili kuwa haki. Walakini dalili ilikuwapo miaka kumi na saba kabla ya kura, katika makaratasi ya Hooker yasiyo na majina. Tena jina lilipoingia katika orodha mwaka 1952 halikuingia kwa jaribio lolote la namna hiyo. Basi anayedai dalili kwa waliolitoa na awadai pia waliolitia.

Shirika la Afya la Dunia liliifuata njia hiyo tarehe 17 Mei 1990. Na daktari Robert Spitzer, aliyekuwa na mkono mkubwa katika mageuzi ya 1973, alitoa mwaka 2003 uchunguzi wa watu 200 waliosema kuwa wamegeuka kwa matibabu. Uchunguzi huo ulishangiliwa sana na wenye kuuza matibabu hayo. Mwaka 2012 Spitzer mwenyewe akaukana na kuomba radhi, kwa kuwa aliyategemea maneno ya watu kwenye simu bila ya njia ya kuyahakikisha. Kurejea kwake hakukushangiliwa kama uchunguzi ulivyoshangiliwa.

Ama asili ya jambo, bado haikukamatwa. Mwaka 2019 wataalamu walipima urithi wa watu karibu nusu milioni, wakakuta kuwa urithi una sehemu yake, wala hapana chembe moja ya urithi ambayo mtu angeweza kuinyoshea kidole akasema ndiyo hii. Razi alikuwa na sehemu ya jawabu, na Ibn Sina huenda alikuwa na sehemu. Hapana kati yao aliyekuwa na jawabu lote, na hatta leo halijapatikana.

ALIYEULIZA ASIKUBALI JAWABU

Katika Afrika ya Mashariki swali hili liliulizwa waziwazi Uganda. Mwanzo wa mwaka 2014 Rais Museveni, akiwa na muswada wa sheria mezani, aliwataka wataalamu wa Wizara ya Afya wamwambie kama mtu huzaliwa na hali hii. Wakajibu kuwa si ugonjwa, na kuwa hapana chembe moja ya urithi iliyojulikana kuwa ndiyo sababu. Baadhi ya wataalamu walilalamika kuwa muhtasari uliotangazwa haukuyafikisha maneno yao sawasawa. Rais alitia sahihi tarehe 24 Februari. Mahakama ikaibatilisha sheria hiyo tarehe 1 Agosti mwaka ule ule kwa kuwa idadi ya wabunge haikutimia, na mwaka 2023 ikatungwa nyingine iliyo kali zaidi.

Funzo lililomo humo si la Uganda peke yake. Mfalme aliyetaka kuhukumu tendo angeweza kulihukumu bila ya kumuuliza tabibu. Alipomuuliza, alikubali kuwa jambo lina upande wa tiba. Na alipochukua nusu ya jawabu, alimharibia tabibu neno lake bila ya kulitia nguvu lake mwenyewe.

Tanzania, Kanuni ya Adhabu iliyowekwa na Waingereza mwaka 1930 ililifanya tendo kuwa jinai, na sheria ya mwaka 1998 ikaongeza adhabu yake hatta kifungo cha maisha, isipungue miaka 30. Kenya, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa tarehe 24 Mei 2019 kuvifuta vifungu vyake vilivyotoka kwa Waingereza hao hao. Hizo ni sheria za dola, zina mahakama zake na mawakili wake. Wala hapana hata moja ndani yake iliyompa ruhusa baba, au vijana wa mtaa, au mganga, kumtwaa mtu na kumwadhibu.

MASALA

Huenda akasema mtu: ikiwa matabibu wamesema kuwa si ugonjwa, basi je, tendo limekuwa halali? Jawabu: hukumu ya tendo haikujengwa juu ya neno la tabibu, kwa hiyo haibomoki kwa kurejea kwake. Anayemtamani mke wa jirani hakuitwa mgonjwa na tabibu yeyote tangu zamani, wala hapana aliyesema kuwa uzima wake unamhalalishia. Tena mwenye kuyashikilia maradhi ili apate kulaani, ameshika upanga kwa makali yake. Mwenda wazimu hana taklifu. Kalamu imeinuliwa kwake. Anayemwita mwenziwe majnuni na kumdai hesabu ya mwenye akili anamtia katika hukumu mbili zisizokutana.

Kilichojengwa juu ya neno la tabibu ndicho kilichobomoka, nacho ni kila kitendwacho kwa jina la tiba. Shafi na wafuasi wake wanalipokea neno la tabibu mwadilifu katika mambo ya mwili: akimwambia mgonjwa kuwa maji yatamdhuru, atatayamamu, akimwambia kuwa saumu itamwangamiza, atafungua. Basi tabibu huyu huyu akisema kuwa umeme na kipigo na kifungo havitibu kitu hapa, bali hudhuru, kwa njia gani neno lake litapokewa katika maji ya udhu na kukataliwa katika mwili wa kijana? Anayempeleka mwanawe kwa mganga akachanjwe na kufukizwa na kufungiwa kwa wiki mbili, ametoa mali kwa kisicho dawa, na amemdhuru mtu ambaye Mola alimpa amlinde.

Wala matabibu hawakusema kuwa watu hawa hawaugui. Huugua huzuni na khofu kama binadamu wengine, na imeonekana katika nchi nyingi kuwa huugua zaidi wanapotukanwa na kufukuzwa, na wengine hujiua. Kijana aliyefukuzwa nyumbani Ifakara akapanda gari la moshi kwenda Dar es Salaam bila ya fedha wala jamaa, atalala wapi usiku wa kwanza, na nani atakayempa chakula, na kwa malipo gani? Baba aliyemfukuza ili kuondoa dhambi nyumbani kwake na alifikirie swali hilo, kwani jawabu lake linamrejea.

Masala yaliyo mazito kuliko yote, na ambayo watu huyafanya mepesi, ni ya kumwoza mtu ili apone. Wazee husema: mpeni mke, atatulia. Imamu Nawawi katika Minhaji amesema kuwa mwanamume mwenye mahari lakini ana ila kama uzee, au maradhi ya kudumu, au kukosa nguvu, kuoa kwake ni makuruhu. Na sababu yake ni dhahiri: yuko mtu wa pili katika akidi hiyo. Mke ana haki ya kuhifadhiwa, na akimkuta mumewe hana nguvu naye ana haki ya kudai kwa kadhi ndoa ivunjwe. Basi vipi walii wa kijana, hali anajua, atakwenda kuposa binti wa watu bila ya kusema anachokijua, akitaraji kuwa tumbo la binti huyo litakuwa dawa ya mwanawe? Binti wa watu si kidonge. Kuficha ila katika bidhaa sokoni ni haramu, nao ni mchele au kitambaa. Sembuse katika nikahi. Wanawake wangapi pwani wamekaa miaka wakijilaumu kwa uzuri wao na mapishi yao, kumbe walipewa kazi ya hospitali bila ya kuambiwa? Na kijana mwenyewe akisema kuwa haoi, wala hatendi la haramu, bali anafunga na kusali na kufanya kazi yake, hapana kadhi wa Kishafi atakayemlazimisha.

Na je, imefaa kumwambia mtu neno hili hadharani, au kulitaja jina lake kwa wakubwa kwa kuwa mwendo wake ni wa kike? Jawabu lake limo katika Sura Annur, ambayo imemdai mwenye kutuhumu mashahidi wanne, na imemwekea bakora themanini akishindwa kuwaleta. Na mafakihi wa Kishafi wameitia tuhuma ya liwati katika mlango huo wa kadhfu. Sura Alhujurat nayo imekataza kupeleleza. Mwezi wa Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwataka watu wamletee majina, na tarehe 4 Novemba Serikali ikatangaza kuwa hiyo ni rai yake mwenyewe wala si siasa ya nchi. Wangapi waliopeleka majina walikuwa na mashahidi wanne? Mwendo na sauti si ushahidi. Nawawi amekwisha kusema kuwa yuko aliyeumbwa navyo.

Kadhalika ule ukaguzi wa kumvua mtu nguo na kumtazama sehemu zake za nyuma ili ijulikane kama ametenda. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale, pwani ya Kenya, wakakaguliwa hivyo kwa amri ya hakimu. Baraza la Matabibu wa Dunia lilitangaza mwaka 2017 kuwa ukaguzi huo hauna msingi katika elimu ya tiba, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ikahukumu kuwa ulikuwa kinyume cha sheria. Utupu wa Mwislamu hufunuliwa kwa tabibu kwa haja ya kweli. Na kitu kisicholeta yakini wala dhana yenye nguvu, haja yake iko wapi?

Limebaki la mwisho, nalo ni la hospitali. Februari 2017 Wizara ya Afya ya Tanzania ilizuia vituo 40 visiendelee kutoa huduma za ukimwi kwa makundi maalumu, wakiwamo watu hawa, na wagonjwa wakaambiwa waende katika hospitali za kawaida kama watu wote. Ifakara iko hospitali ya Mtakatifu Fransis, na ndani yake kliniki ya maradhi ya kudumu ambayo tangu miaka ya 2000 imewatunza maelfu ya wenye virusi vya ukimwi kutoka bonde zima, Waislamu kwa Wakristo. Mgonjwa huko husimama mbele ya karani, na karani huenda ni mtoto wa jirani yake. Kisha mbele ya mwuguzi, na mwuguzi huenda anasali naye msikiti mmoja. Mgonjwa akiogopa kuwa neno atakalosema chumbani litafika barazani kabla yeye hajafika nyumbani, hatakwenda, na virusi havitaacha kwenda. Vitafika kwa mkewe ikiwa wameshamwoza.

Basi je, mwuguzi au karani Mwislamu aliyeijua siri ya mgonjwa kwa sababu ya kazi yake, anaruhusiwa kuisimulia kwa nia ya kuwahadharisha watu? Jawabu: haruhusiwi. Siri ya mgonjwa ni amana, na aliyeipokea kwa jina la tiba hana milki nayo nje ya tiba. Iwapo yuko mtu mwenye haki ya kukingwa na dhara, kama mke wa mgonjwa, tabibu atamtaka mgonjwa amwambie mwenyewe. Na akikataa, tabibu atamwangalia mke huyo kwa kiasi cha kumkinga na ugonjwa, asizidishe juu ya hapo neno moja la mume alilitenda wapi na nani. Wallahu aalamu.